Kwa nini kutu ya gari hurudi baada ya rangi mpya, na namna ya kuimaliza ukiishi pwani ya kusini

Kuna kipele kidogo, saizi ya punje ya choroko, ambacho wenye magari wengi wa Mtwara na Lindi wanakijua. Hutokea juu ya gurudumu la nyuma, pale ukingo wa bodi unapojikunja kuingia ndani. Rangi bado inang'aa na haijapasuka, ila imevimba. Ukiibonyeza kwa ukucha inabonyea, ukizidisha kidogo inavunjika kama ganda la karanga, na ndani unakuta unga wa kahawia wenye unyevu. Gari lenyewe huenda lilipigwa rangi mwaka jana tu. Hapo ubishi unaanza: mwenye gari anamlaumu fundi, fundi analaumu rangi ya dukani, na jirani anasema hiyo ni bahari, ukikaa Shangani au Mikindani gari litaoza tu, zoea.

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, lakini hakuna sababu ya kuzoea. Kutu hurudi kwa sababu mbili ambazo zote zina dawa. Ya kwanza, ilianzia upande wa ndani wa bati, na kazi ikafanywa upande wa nje peke yake. Ya pili, chumvi iliyokuwa kwenye vishimo vya bati ilifunikwa na rangi badala ya kuoshwa.

Kabla ya kwenda mbali, maneno manne. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni ya hewani penye maji. Ukiondoa maji au hewa, haifanyiki. Praima ni rangi ya kwanza inayoshika bati na kubeba rangi nyingine zote. Fila, ambayo wengine huiita puti, ni ule uji mzito unaochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuugandisha, ili kusawazisha mabonde. Si chuma na haizuii kutu. Nta ni mafuta mazito yanayopuliziwa ndani ya milango na mabomba ya bodi, mahali ambapo brashi wala bunduki ya rangi haifiki.

Chuma hakipatikani ardhini kikiwa kinang'aa. Huchimbwa kikiwa kimeshaungana na oksijeni, kiwandani kikatenganishwa kwa moto mkali, na tangu siku hiyo kinatafuta njia ya kurudi kilikotoka. Ule wekundu wa udongo wa uwanda wa Makonde ukipanda kwenda Newala ni chuma na oksijeni, ndugu wa kutu ya mlango wa gari lako. Safari hiyo ya kurudi inakwenda kwa umeme mdogo, kama ndani ya betri: sehemu moja ya bati inatoa, nyingine inapokea, na maji ndiyo njia ya kupita. Maji ya mvua ni njia nyembamba. Maji yenye chumvi ni barabara ya lami.

Lakini kuna jambo la chumvi linalosahaulika, na kwa mtu wa pwani ndilo kubwa zaidi. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Ile ya jikoni hulowa yenyewe kwenye kopo wakati wa masika hata kama hakuna tone lililoingia, ndiyo maana watu huweka punje za mchele ndani yake. Hewa ikipita unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe. Chumvi ya bahari ina magnesi pia, na hiyo hulowa kwenye hewa kavu kuliko hapo. Kwa hiyo bati lenye chumvi karibu na bahari linakaa na unyevu usiku baada ya usiku, mwezi wa nane kama mwezi wa pili. Gari linaoza bila mvua. Upepo wa kusi unapovuma kutoka baharini ndio unaoleta ule ukungu wa chumvi unaouona kwenye vioo asubuhi. Kilichotua kwenye kioo kimetua pia chini ya gari, na huko hakuna anayefuta.

Kuhusu kipele chenyewe: kutu huchukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma kilicholiwa, kama mchele unavyovimba sufuriani. Kwa kuwa haina pa kwenda, inainua rangi. Ukiona rangi imevimba, basi chini yake kazi imeshafanyika muda mrefu. Kipele cha choroko kwa kawaida kina eneo la sarafu chini yake, na kama kimetokea kwenye ukingo uliokunjwa, huenda bati limeliwa kutoka ndani hadi likabaki kama karatasi. Kumbuka bati la bodi lenyewe ni jembamba, kama milimita 0.7 au 0.8.

Kwa nini palepale kila mara, yaani juu ya magurudumu, chini ya milango, ubavu ulio chini ya milango, na kwenye shimo la tairi la akiba? Kwa sababu ni sehemu zenye mikunjo na tope. Unyevu ukiingia kati ya mabati mawili hautoki. Tena, watu wengi hudhani kutu huanzia penye hewa nyingi, kumbe kukiwa na tone moja lenye hewa nyingi upande mmoja na hewa kidogo upande mwingine, panapoliwa ni pale penye hewa kidogo: chini ya tope, ndani ya mkunjo, chini ya mpira ulioachia.

Pima kabla ya kuita fundi

Chukua sumaku, hata ya spika iliyokufa, ifunge kwa kitambaa laini ili isikwaruze, kisha ipitishe polepole juu ya magurudumu na chini ya milango. Penye bati inashika. Penye fila nene inalegea au inaanguka. Mtu anayenunua gari lililotumika asisahau kufanya hivi, kwa sababu rangi mpya ya kung'aa juu ya fila ya sentimita nzima inauzwa kila siku.

Kisha lala chini ya gari na bisbisi. Gonga kwa mpini: bati zima hulia, bati lililooza hutoa sauti iliyokufa. Penye shaka, chokonoa kwa ncha bila kuogopa. Ikipenya, ni heri imepenya leo.

Utakachokuta ni moja kati ya hali tatu. Kutu ya juujuu, ya rangi ya machungwa, inafutika kwa msasa na bati chini yake ni laini. Kutu ya vishimo imechimba, ukipitisha ukucha unakwama. Na iliyotoboa, hiyo haina msasa. Inakatwa na kuchomelewa bati jipya. Kosa kubwa linalofanyika kwenye gereji ni kuitibu ya tatu kama ya kwanza: shimo linazibwa kwa gazeti, wavu au vipande vya fiba, fila inamwagwa juu, msasa, rangi. Kwa nje linapendeza. Kwa ndani kuna fila iliyo wazi kabisa, na fila hunyonya maji kama chaki. Hiyo haitamaliza masika mawili.

Tuseme umekuta vishimo

Kazi inaanza na maji matamu, si grenda. Osha eneo lote pamoja na upande wa nyuma wa bati kwa maji ya bomba na sabuni, suuza sana, kausha. Ukianza kusaga penye chumvi unaisukumiza ndani zaidi.

Ondoa rangi kwa msasa namba 80 hadi upite kutu inayoonekana kwa sentimita mbili au tatu kila upande, ufike kwenye rangi iliyoshika vizuri. Usiishie kwenye ukingo wa kipele, kwa sababu kutu hutambaa chini ya rangi kama mchwa chini ya mkeka.

Halafu brashi ya waya kwenye grenda. Hapa tazama kwa makini. Brashi ikipita juu ya kishimo, chuma kinang'aa kama kipya na mkono unataka kuendelea na hatua nyingine. Inama, weka tochi kwa pembeni badala ya juu. Katikati ya huo mng'aro utaona nukta nyeusi, nyingine ndogo kama ncha ya sindano. Hizo ni kutu na chumvi. Brashi imezing'arisha tu. Kila nukta itakuwa kipele.

Nukta hizo zinatolewa na dawa ya kutu. Kuna za aina mbili, na kuzichanganya huharibu kazi. Yenye asidi ya fosforiki hupakwa, hukaa kama dakika 15 hadi 30 bila kuachwa ikauke, husuguliwa kwa brashi ngumu ndani ya vishimo, kisha huoshwa kwa maji mengi na bati hukaushwa mara moja. Asidi ikibaki, praima ya epoksi haitashika vizuri. Aina ya pili ina tanini, na yenyewe haioshwi: hugeuza kutu kuwa nyeusi, huachwa ikauke saa 24 au kama kopo linavyosema, na hupakwa rangi juu yake. Tanini ndiyo hiyo inayofanya kisu cha chuma kiwe cheusi ukikatia ndizi mbichi au bibo. Dawa hii inafaa penye kutu nyembamba iliyoshika. Penye magamba haifanyi kitu, kwa sababu inageuza gamba la juu na kuacha la chini.

Kwa gari linaloishi pwani, napendelea ya kwanza, kwa sababu yale maji ya kuoshea yanatoa na chumvi.

Bati likishakauka, usiliguse kwa mkono mtupu. Jasho nalo lina chumvi. Futa kwa kitambaa safi chenye thina, fuatisha kitambaa kikavu kabla thina haijakauka. Kisha praima, siku hiyohiyo, na ndani ya saa moja au mbili ikiwezekana. Bati tupu likilala usiku mmoja Mtwara, asubuhi lina rangi ya manjano, na hiyo ni kutu mpya. Unaanza upya.

Praima iwe ya epoksi, ile ya makopo mawili, moja la praima na jingine la hadina yake. Kwa kidonda cha ukubwa wa sahani, robo lita inatosha na kubaki. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kwa kikombe chenye alama, si kwa macho: hadina ikipungua haikauki hadi mwisho, ikizidi inakuwa kavu na kupasuka. Paka mikono miwili, na uiache usiku kucha. Fila inakuja juu ya epoksi iliyokauka na kukwaruzwa kidogo kwa msasa namba 180, isiwe juu ya bati tupu. Hadina yake ni asilimia 2 hivi ya uzito, yaani gramu 2 kwa fila ya gramu 100. Kwa joto la Lindi utakuwa na dakika chache tu kabla haijagoma, kwa hiyo changanya kidogokidogo. Unene usizidi milimita 3. Na usiisugue kwa maji, hata kama ndivyo inavyozoeleka, kwa sababu maji inayonyonya yatabaki chini ya rangi.

Zilizobaki ni kazi za kawaida za fundi rangi: praima ya kujaza, msasa 320 kisha 600, rangi, halafu klia, ule mpako wa juu unaong'aa usio na rangi, mikono miwili au mitatu. Kwa pwani nasisitiza saa tu. Subiri umande ukauke, anza saa nne asubuhi, maliza kabla ya saa tisa alasiri. Rangi inayopigwa jioni hewa ikiwa nzito hupauka na kuwa na ukungu mweupe. Na fundi avae barakoa yenye kichujio cha mkaa. Hadina za rangi hizi zinaumiza mapafu, na kitambaa puani hakizuii chochote.

Shimo likiwepo, bati lililooza likatwe hadi ufike kwenye chuma kinachong'aa. Kiraka kiwe cha bati la milimita 0.8 hadi 1, lenye umbo la sehemu yenyewe. Mashine ya kuchomelea ya vijiti hutoboa bati jembamba. Tafuta fundi mwenye mashine ya waya na gesi, achome nukta moja hapa, nyingine kule, apumzishe, ili bati lisipinde. Kabla ya cheche ya kwanza: waya hasi wa betri utolewe, zulia na sponji za ndani zitolewe, mipira ya mafuta iliyo karibu isogezwe, na ndoo ya maji iwe pembeni. Kama kuoza kumefika kwenye chesisi, mahali inapofungwa suspensheni au mkanda wa kiti, hapo tunazungumzia maisha ya watu, na fila haina nafasi kabisa.

Hatua inayosahaulika karibu kila mara ni upande wa nyuma wa kiraka. Joto la kuchomelea limeunguza rangi na zinki yote ya ndani, bati liko uchi. Rangi ya nje ikishakauka, pulizia nta kwa ndani kupitia matundu yaliyopo, kwa mrija mrefu wenye ncha inayotawanya, hadi uione ikidondoka kwenye maungio. Kazi nzuri ya mwezi mzima huharibika kwa kukosa nusu saa hii.

Yanayosemwa mtaani

Oili chafu chini ya gari. Ni kweli mafuta yoyote yanazuia maji kwa muda. Lakini oili iliyotoka kwenye injini ina asidi, maji na masizi; inashika vumbi la barabara ya Masasi hadi kuwa tope lenye chumvi, inaharibu mipira, inadondokea breki, na kwa ngozi ya anayeipaka ni sumu. Kama nta ya kopo haipatikani, oili safi nzito ya gia namba 90 ikipuliziwa ndani ya milango hupenya kwenye mikunjo vizuri. Itabidi urudie kila mwaka.

Lami au rangi ya mpira chini ya gari. Ikipigwa juu ya bati safi lenye praima, inasaidia. Ikipigwa juu ya kutu, inakauka, inaachia pembeni, maji yanaingia nyuma yake na hayatoki tena. Magari mengi yanayotoboka ghafla yalifunikwa hivyo ili yauzike.

Praima ya kijivu inatosha, rangi nitapiga nikiuza korosho. Hapana. Praima za kawaida zina vitundu na hunyonya unyevu. Gari likitembea miezi mitatu na mabaka ya kijivu, kutu iko chini yake tayari. Epoksi huvumilia zaidi, lakini jua huipauza na kuila taratibu. Kama hela haitoshi kumaliza, ni bora usianze kulikwangua.

Mafuta ya maganda ya korosho. Swali hili ni la kwetu na lina msingi, kwa sababu viwandani mafuta hayo husafishwa na kutengenezwa kuwa hadina za rangi za epoksi, zikiwemo za meli. Lakini yakiwa mabichi yana asidi kwa wingi na yanaunguza ngozi. Usiyapake kwenye gari.

Kifaa cha kufunga kwenye betri, au kipande cha zinki. Wenye boti wanajua kuwa kipande cha zinki kwenye injini huliwa badala ya injini, na ni kweli, kwa sababu vyote vimezama kwenye maji yaleyale. Gari liko hewani, umeme huo hauna njia ya kupita kutoka gurudumu la nyuma hadi kwenye kifaa. Zinki inayofanya kazi kwenye gari ni ile iliyopakwa kwenye bati lenyewe kiwandani, kama kwenye mabati ya paa.

Gari la Japani halishiki kutu. Inategemea lilikuwa wapi. Huko kaskazini, Hokkaido kwa mfano, barabara humwagiwa chumvi majira ya theluji, na gari linaweza kufika bandarini kwetu likiwa jipya juu na limeliwa chini. Omba karatasi ya mnada kabla hujalipa: kwenye mchoro wa gari, herufi S ni kutu, C ni bati lililokwisha kuliwa, na namba inayofuata huonyesha ukubwa.

Kinga

Maji matamu ndiyo kinga ya kwanza na hayana mshindani. Gari linalolala karibu na bahari lioshwe chini mara moja kwa wiki, kwa mpira wa maji ya kawaida, ukielekeza ndani ya madigadi, nyuma ya bampa na kwenye mikunjo ya chesisi hadi maji yanayodondoka yawe safi. Ukiendesha kwenye mchanga wa Msimbati, osha siku hiyohiyo. Presha kubwa sana usiitumie karibu na maungio. Inasukuma maji yenye chumvi mahali ambapo yasingefika.

Wanaobeba samaki wa barafu kupeleka Masasi au Nachingwea, na wanaobeba mifuko kutoka mashamba ya chumvi, wana tatizo lao: maji ya chumvi yanaingia chini ya zulia, na Probox au Noah inaoza kutoka ndani huku nje ikipendeza. Weka beseni au turubai zima lenye kingo zilizoinuliwa. Hata hivyo, kila mwezi inua zulia, suuza, na uache milango wazi juani hadi sponji ya chini ikauke. Sponji iliyolowa hukaa wiki kadhaa bila kukauka.

Kulifunika gari kwa turubai la plastiki usiku hulifungia umande. Banda la makuti lililo wazi pembeni ni bora zaidi, na sakafu ya zege au kokoto ni bora kuliko majani.

La mwisho ni matundu ya kutolea maji, yaliyo chini kabisa ya kila mlango, chini ya ubavu wa gari na kwenye buti. Ni madogo, mengine kama kitufe cha shati kilichobanwa, na mafundi huyaziba kwa fila au rangi ya mpira bila kujua. Yatafute kwa kidole, yazibue kwa kijiti cha mbao au uzi mnene wa plastiki ili usikwaruze rangi ya ndani. Kisha mwaga kikombe cha maji kwenye kioo cha mlango kilichofungwa, na uhesabu: yanapaswa kuanza kudondoka chini ndani ya sekunde chache. Mlango usiodondosha, maji ya masika iliyopita bado yamo ndani yake.